Keti Chini ya Bango Lako

Habari ya msiba ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa changu ukiwa umeshanyolewa na wa pili ukingoja zamu yake. Simu ya kinyozi ililia, akaibana kati ya sikio na bega huku mashine ikiendelea kuunguruma mkononi, akasikiliza, kisha akaizima mashine na kuketi kwenye kiti cha wateja kilichokuwa kando yangu. "Disi!" akasema, kama tusemavyo hapa Gisenyi jambo linapogusa moyo. "Ule muzee wa kiti ametuacha." Halafu akalia, mtu mzima, bila hata kujifunika uso. Wasomaji wangu wa kila juma mnanijua kwamba si mtu wa kuliacha jambo lipite bila maswali, lakini siku ile sikuuliza kitu. Nilimfahamu marehemu, na nilijua kwamba marehemu huyo huyo alimkatalia kinyozi wangu bango lake, si mara moja. Nimeshuhudia watu wakimlilia mchungaji, wakimlilia mwalimu, hata wakimlilia golikipa. Sikuwahi kuona mtu akimlilia mkaguzi.

Maana kazi yake ilikuwa hiyo. Kila kinachotundikwa nje katika mji wetu, na hasa kila kinachowaka, kilipita machoni pake: vibao vya maduka, misalaba ya kijani ya maduka ya dawa, majina ya hoteli za ufukweni, mishale ya baa. Alitakiwa kuhakikisha kwamba bango limeshikiliwa na kitu chenye nguvu, kwamba liko juu kiasi cha mtu mrefu kupita bila kuinama, kwamba waya wake umo ndani ya bomba, na kwamba swichi ya kulizima inafikika bila ngazi. Mambo makavu, mtasema, na kwenye karatasi ni makavu kweli. Lakini mtu mwenyewe hakuwa mkavu hata kidogo. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi huku kwetu na wazazi wake akiwa kijana, na alirudi na Kiswahili kilichonyooka pamoja na kicheko kisicho na breki. Utani wake aliucheka kabla hajaumaliza, hata msikilizaji akajikuta anacheka bila kujua anacheka nini. Ndugu zetu wanaovuka mpaka kila siku kwenda Goma walipenda kumwiga anavyosema "naomba uniwie radhi", naye akawa anawaiga wao wanavyomwiga.

Kilichompa sifa mjini ni kiti. Alikuwa na kiti chekundu cha plastiki alichokifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki yake, na pikipiki hiyo ilipoonekana ikishuka barabara kuu ungewaona wenye maduka wakitoka nje na kutazama juu, kila mmoja akikumbuka msumari aliousahau. Hakuanza na kipimo wala ngazi. Alikishusha kiti, akakiweka chini ya bango hasa, akaagiza soda kwa jirani, akamwambia mwenye bango, "Keti hapa, ndugu yangu, unywe soda yako mpaka iishe." Yeye akabaki amesimama pale mbele, akizungumzia mpira, mvua na mahindi ya mwaka huu. Aliamini kwamba aliyetundika anajua alivyotundika, na kwamba mdomo ukikataa kusema, shingo itasema. Vipimo na ngazi vilikuja baadaye, na mara nyingi vilithibitisha tu kile ambacho shingo ilikwisha kukiri.

Kinyozi wangu alikuwa amejitundikia sanduku la taa lililotengenezwa Goma, lenye picha ya kijana mwenye nywele za kuchongwa. Lilivuka mpaka likiwa juu ya kichwa cha mpagazi, na kinyozi akalifunga kwenye ukuta wa matofali mabichi kwa waya ule ule uliokuja umefungia mzigo. Umeme aliuleta kwa waya wa taa ya mezani uliopita dirishani, na penye kiungo akazungushia mfuko wa nailoni. Ninaeleza haya kwa ridhaa yake, maana siku hizi huwasimulia wateja mwenyewe. Alipoketi kwenye kiti chekundu, mimi na wateja wengine tukitazama kutoka mlangoni, upepo wa ziwa ukapuliza kidogo tu na sanduku likalia kwa sauti nyembamba.

"Chef," akasema kinyozi, kama tunavyomwita huku mkubwa yeyote, "twende tunywe ndani. Hapa jua iko kali."

"Jua? Mbona mimi naona mawingu?"

"Bon, ni mvua inakuja. Twende ndani."

"Soda haiogopi mvua, ndugu yangu. Kunywa."

Kinyozi akawa anakisogeza kiti mbele kwa visigino, kidogo kidogo, akidhani hatumwoni, mpaka pikipiki ya abiria ikampigia honi kwa kuwa sasa alikuwa ameketi barabarani. Mkaguzi alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Bango lako liko kule nyuma," akasema, "wewe umeshakaribia Kigali!" Kinyozi naye akainua mikono. "Nimekubali. Iko mubaya. Mi najua iko mubaya." Akaelezwa la kufanya, akafanya nusu, akakataliwa tena, akafanya yote, na mara ya mwisho alikunywa soda yake taratibu, akaegemea ukuta na kusinzia. Mkaguzi alilikubali bango bila kumwamsha. Nadhani ndiyo maana siku ile ya habari mashine ilizimwa na mimi nikaondoka na kichwa cha nusu.

Ni vizuri niseme kidogo kuhusu mji wetu, kwa faida ya wale wanaotusoma wakiwa mbali. Zamani duka la Gisenyi lilikuwa na jina lililopakwa rangi ukutani, na rangi haijawahi kumwangukia mtu. Kisha tukapendeza. Leo hata muuza vocha anataka jina lake liwake, libadilike kutoka bluu hadi nyekundu na kurudi, na mimi ambaye macho yangu yamezeeka kabla yangu nimeshalalamika hapa mara nyingi kuhusu mwanga huo. Tena sisi hatuishi mahali palipotulia. Upande mmoja ziwa linatupulizia upepo wenye maji. Upande wa pili, ng'ambo ya mpaka, kuna mlima wa moto unaoitikisa ardhi unapojisikia. Chuma kinachoweza kuning'inia miaka mingi katika miji mingine, kwetu kinaliwa na kutu na juu ya hayo kinatikiswa. Watu hawakuyafikiria hayo. Waliona kanuni za mabango kama jambo jingine katika yale mengi tunayoagizwa, pamoja na kupaka rangi na kupanda majani. Kuna mfanyabiashara aliyewahi kumwambia mkaguzi, kwa kejeli, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, basi aachiwe ajenge ukuta wake siku ikifika. Mkaguzi akamjibu kwamba methali hiyo imekatwa mkia: kama ukuta umemwangukia mwenzio, utajenga na kaburi. Kisha akacheka, na yule bwana akacheka, na bango likashushwa.

Hata hivyo siku moja kiti chekundu kilishindwa, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda mtu yule.

Kwenye barabara iendayo Nyamyumba kuna mama mjane anayeuza chai na mandazi. Ni mmoja wa wale wenye nusu ya ukoo hapa na nusu Goma, wanaosali Ijumaa na wanaosali Jumapili wakila sahani moja. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa vyuma, na kabla hajafa alimtengenezea birika la bati, kubwa kama ndama, lenye mdomo uliopinda na taa ndogo ndogo kulizunguka tumbo. Lilitundikwa kwa ndoano mbili kwenye boriti ya ukumbi wa mbele, juu ya benchi refu la wateja. Likiwashwa jioni, wachuuzi wanaorudi kutoka mpakani na makapu matupu waliliona toka mbali, wakajua chai ipo. Mama yule hakuwa na picha ya mume wake ukutani. Alikuwa na birika.

Mkaguzi alilitazama mara moja tu akajua. Ndoano zimeshika kutu, boriti imepasuka, waya umepita kwenye tundu la bati lenye makali. Akashusha kiti chake, akakiingiza katikati mbele ya benchi, chini ya tumbo la birika, akamwomba mama aketi. Mama akaketi. Akaletewa chai yake mwenyewe, akainywa bila kutazama juu, akaomba kikombe cha pili, akamuuliza mkaguzi habari za watoto wake. Tuliokuwa tumeketi pale tukaanza kucheka. Shingo ya mama haikusema chochote.

"Papa," akamwambia, "mi nakaa hapa kila siku. Hii birika haiwezi kunifanya kitu. Ni bwana yangu aliitengeneza na mikono yake. Kama munaitoa, bon, mi nafunga mulango, narudia Goma kwa wadogo yangu."

Alisema kwa upole, na tulijua kwamba atafanya hivyo. Mkaguzi alikuwa na madaraka ya kuleta mafundi wakalishusha siku ile ile, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikichukua kiti chake, akaomba radhi kwa Kiswahili chake cha Karagwe, akaenda zake. Juma lililofuata alirudi bila kiti, akanunua chai, akasimama mlangoni akinywa na kutazama. Juma jingine vilevile. Nilimuuliza anatazama nini, akaniambia kwamba hajui bado. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na kila alipoliangalia birika niliona anahesabu mawingu. Alikuwa ameshikwa pande mbili: akilishusha kwa nguvu atakuwa amemzika mume wa mama mara ya pili, na akiliacha huenda akamzika mteja.

Kisha asubuhi moja ya manyunyu, ukumbi umejaa watu waliojificha mvua, akaliona alilokuwa akilitafuta. Sisi wateja tulikuwa tumebanana kwenye ncha mbili za benchi, bega kwa bega, kiwiko changu kikiwa ndani ya mbavu za muuza kuku. Wengine walikuwa wamesimama, nusu mgongo kwenye mvua. Katikati ya benchi palikuwa patupu. Na si siku ile tu: ncha za benchi ziling'aa kwa kukaliwa miaka na miaka, na katikati ubao ulikuwa bado unakwaruza kama siku ulipotoka kwa fundi.

"Mama," akasema, "naomba uniwie radhi. Kwa nini wateja wako hawakai katikati?"

Mama akageuka na birika dogo la chai mkononi. Alitutazama kama mtu anayeona nyumba yake kwa mara ya kwanza. "Musogee," akatuambia. "Musogee hapa katikati, iko nafasi." Hakuna aliyesogea. Mmoja akasema pale alipo panatosha, mwingine akasema anakaribia kuondoka. Mimi nilijifanya nakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Miaka yote nilikuwa nikikaa mwisho wa benchi lile na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Yewe," akashangaa mama polepole. "Munaogopa birika ya bwana yangu?"

Aliyejibu ni mwanamke wa Cyanzarwe, mchuuzi wa mboga anayevuka nazo mpaka karibu kila siku, ambaye alikuwa amesimama na kapu lake kwenye manyunyu. Alijibu kwa adabu, akitazama chini. "Mama, chai yako iko nzuri kupita zote. Ila mi niko na watoto."

Mama aliweka chini birika la chai, akaenda kwenye swichi, akazima taa zile. Akamwambia mkaguzi, "Muishushe." Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nilitamani kuwa mahali pengine. Lakini mkaguzi akatikisa kichwa. "Tutalishusha, mama, ila hatutaliondoa," akasema. "Mume wako alitengeneza birika. Birika halining'inii. Birika huketi." Kisha akamweleza kanuni aliyokuwa akitembea nayo mfukoni miaka yote bila kufikiri kwamba ingemfaa mama: bango linaweza kusimama chini kwa mguu wake, ndani ya mpaka wa kiwanja, nyuma ya njia ya miguu, waya ukiwa ndani ya bomba lililofukiwa, na kifaa kinachokata umeme chenyewe pakitokea hitilafu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mdomo wa birika unaweza kuelekea barabarani, ili wanaotoka mpakani wauone. Akaambiwa unaweza.

Basi fundi akaletwa kutoka Mahoko, akachomelea mguu wa chuma na kuujengea msingi wa zege. Siku ya kulishusha birika ilikuwa kama harusi. Wanaume walilipokea mabegani wakiimba, kinyozi wangu akiwa mstari wa mbele, mkaguzi akiongoza wimbo ambao hakuyajua maneno yake. Ndoano moja ilipotolewa kwenye boriti ilivunjika mkononi mwa fundi. Mkaguzi aliichukua, akaitia mfukoni kabla mama hajaiona, na hakuitaja tena mbele yake. Jioni taa zikawashwa, na birika likaonekana vizuri kuliko lilipokuwa juu, maana sasa watoto waliweza kujitazama kwenye tumbo lake.

Haukupita muda mrefu mlima ukaamka. Tetemeko lilikuja mchana, la kutosha kumwaga vikombe na kutukimbiza wote barabarani. Bati lilipiga kelele, kuku wa yule muuza kuku wakatawanyika, vumbi likashuka kutoka kwenye boriti. Ardhi ilipotulia, mama alikuwa amesimama nje akilionyesha birika, ambalo taa zake zilitikisika kidogo tu zikatulia. "Mumeona?" akapaza sauti, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mumeona? Bwana yangu iko imara!" Tukampigia makofi fundi wa vyuma ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona akiwa hai. Nimehudhuria sherehe nyingi zenye wageni wa heshima na hotuba. Sikumbuki makofi yaliyotoka moyoni kama yale.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mazoea yana kichwa kigumu. Birika lilihama, boriti ikabadilishwa, juu ya benchi hapakuwa na kitu isipokuwa bati jipya, na bado tuliendelea kubanana kwenye ncha. Aliyekaa katikati alikuwa mkaguzi peke yake. Kila alipopita alijitupa pale, akanyoosha mikono pande zote mbili, akatuambia kwamba tunamwachia kiti cha mfalme. Mwishowe tukaona ni mahali pake, hata asipokuwepo tulipaacha wazi.

Aliugua kwa muda mfupi, akafia nyumbani kwake kati ya watu wake, akiwa amekaribia kustaafu. Nilikwenda mazikoni na kofia, na mnajua sababu. Kinyozi aliyekuwa kando yangu alikuwa akiitazama ile kofia, kila mara akizuia kicheko katikati ya machozi, na nina hakika marehemu angefurahi. Desturi yetu ni kwamba baada ya kuzika watu hukusanyika kunawa mikono na kunywa kitu pamoja. Nyumba ya wafiwa ni ndogo, kwa hiyo mama wa chai alisema watu wote waende kwake. Tukashuka barabara ya Nyamyumba kundi zima: wenye maduka aliowakatalia, askari waliokuwa wakipiga naye soga, jamaa waliovuka kutoka Goma, yule fundi wa Mahoko. Beseni ziliwekwa kando ya birika, na chai ilimiminwa bila kuulizana. Masimulizi ya kiti chekundu yalianza kabla ya sukari kufika, na kila msimulizi alikuwa na bango lake na aibu yake. Tulicheka sana, kwa sauti, kama alivyokuwa akicheka yeye, kabla hadithi haijaisha.

Lakini benchi tulilijaza kama kawaida yetu, ncha mbili, na katikati tukapaacha patupu, safari hii kwa heshima. Tulidhani tumefanya vizuri. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitunga safu hii kichwani, yenye somo kubwa kuhusu kazi na utumishi, na sasa naona somo lenyewe ni dogo tu na linatosha: kabla hujatundika chochote juu ya vichwa vya watu, liwe bango, liwe amri, keti chini yake wewe kwanza, na ukishaona wewe huogopi, tazama nani amekataa kuketi. Nilikuwa nikilipanga hilo alipoingia mwanamke wa Cyanzarwe. Siku hiyo hakuwa na kapu. Alikuwa na watoto wake, wamevaa nguo za kanisani. Alitutazama tulivyobanana, akatazama mahali palipoachwa wazi, akatazama juu mara moja tu. Kisha akawakalisha watoto wake katikati ya benchi, mmoja baada ya mwingine, akaenda kunawa mikono.